Siku ya Tatu Mpe Reki

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, nilipiga magoti mbele ya mlango wa baa ya kijiji chetu nikaokota vipisi vya sigara, kimoja kimoja, kwenye nyufa za mawe. Ule mkono mrefu wa chuma tunaookotea taka haufui dafu pale. Kipisi kikishalowa mvua kinagandamana na jiwe, na kinachokitoa ni kidole chenye glavu, au kijiti. Nilihesabu hadi 210, nikaacha kuhesabu. Pembeni yangu alisimama mzee wa miaka 84, amevaa riflekta ya njano iliyopauka, ameshika mfuko wa taka ukiwa wazi ili mimi nisihangaike kuufungua. Magoti yake hayamruhusu kuinama tena. Kwa hiyo siku hizi yeye anashika mfuko, mimi natia.

Mimi ni Mpare wa Usangi. Nipo Ireland tangu mwaka 2005, na riziki yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mara nyingi zamu ya usiku. Ninakoishi ni kaunti ya Meath, kama saa moja kwa basi kutoka Dublin. Jina la kijiji naliacha, maana kisa chake ni kisa cha vijiji vingi vya ukanda ule. Nyumba za Dublin hazishikiki bei, basi watu wanahamia nje ya jiji, na vijiji vinafurika. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 134,000 na ushee katika kaunti ya Meath. Sensa ya 2022 ikawakuta zaidi ya 220,000. Mahali palipokuwa na kanisa, shule, baa mbili na duka lenye posta ndani yake, leo pana mitaa ambayo wenyeji wenyewe wanapotea njia wakiingia.

Katika miaka hiyo nimejifunza jambo moja ambalo nataka kulisema bila kuzunguka. Kijiji kinachokua haraka hakichafuki kwa sababu watu wameongezeka. Kinachafuka kwa sababu watu wameongezeka na hakuna aliyewaambia kwamba mahali pale ni pao. Na dawa yake wazee wetu waliisema zamani: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Nilihamia mtaa wangu mwaka 2007, nikiwa na mtoto wa miaka mitatu. Nyumba zilikuwa mpya, rangi bado inanukia, na mkandarasi aliahidi uwanja wa nyasi katikati ambapo watoto wangecheza. Mwaka uliofuata uchumi wa Ireland ulianguka vibaya, na mkandarasi akafunga geti la eneo la ujenzi, hakurudi. Serikali ilipokagua mwaka 2010 ilikuta mitaa ya namna hiyo, iliyoachwa njiani, zaidi ya 2,800 nchi nzima. Wetu ulikuwa mmojawapo. Barabara haikuwekwa lami ya mwisho, kwa hiyo mifuniko ya mitaro ilichomoza juu kama visiki. Mwanangu aliangukia mmojawapo kwa baiskeli akavunja jino. Taa za barabarani zilisimama bila kuwaka. Pale ulipoahidiwa uwanja palibaki kilima cha udongo na kifusi, kimeota magugu, kikimeza magodoro na televisheni mbovu ambazo watu walikuja kuzitupa usiku.

Halmashauri ya kaunti ilisema haiwezi kuupokea mtaa ambao haujakamilika, na kisheria ilikuwa sahihi. Benki ilisema yake. Sisi wakazi tulifunga milango. Kila mmoja alifagia hadi mwisho wa kizingiti chake. Wenyeji wa kijiji cha zamani walituita "wale wa mtaa mpya", na sisi tukawaita "wale wa kijijini", ingawa kati yetu na wao hapakuwa na zaidi ya mita 300. Kwa miaka minne niliishi ukuta kwa ukuta na watu nisiojua hata majina yao. Mimi niliyekulia Usangi, ambako huwezi kupita kwa jirani bila salamu ya dakika tano, niliona kama nimezibwa mdomo.

Jioni moja ya mwezi Machi mwaka 2011 mlango ukagongwa. Alikuwa mzee huyu huyu, wakati huo bado ana nguvu, mkulima aliyestaafu. Mkononi alishika reki mbili. Hakuniuliza natoka wapi, wala nimekuja lini, wala kama nitakaa, na hayo ndiyo maswali niliyokuwa nimezoea kuulizwa. Aliniuliza kama Jumamosi nina saa moja ya kutoa. Kisha akaegemeza reki moja ukutani kwangu, akasema nitaihitaji, akaenda mlango wa pili.

Sijui kama mzee yule amewahi kusikia methali yetu. Lakini usiku ule, nikiwa kazini nawageuza wazee vitandani, niliifikiria sana ile reki. Nilikuwa nimekaa mgeni wa siku mbili kwa miaka sita, maana hakuna aliyenipa jembe.

Jumamosi tulikusanyika watu tisa. Kifusi tulikikusanya upande mmoja kwa matoroli, udongo tukausawazisha kwa reki na mabeleshi, na juma la tatu tukatupa mbegu za nyasi. Baadaye tulipanda miti midogo ya asili ya huko kuzunguka pembe. Haikuwa kazi ya kutisha. Lakini mpaka saa saba mchana nilikuwa najua kwamba mama wa nyumba ya nne ni Mpolandi na anaoka mkate wa shayiri, kwamba kijana wa pembeni ni Mbrazili anayefanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, na kwamba yule baba niliyedhani ana kiburi alikuwa kiziwi wa sikio la kushoto. Mwezi ule taka za usiku zilipungua, na geti hatukuwa tumeweka. Mtu akileta godoro anakuta watu madirishani wanaotazama uwanja wao.

Nyuma ya zile reki mbili kulikuwa na kitu kikubwa kuliko mzee mmoja. Mwaka 1953 Ireland ilianzisha tamasha la utamaduni lililoitwa An Tóstal, na pamoja nalo ikaja kampeni ya usafi wa majira ya kuchipua. Kutokana na kampeni hiyo, mwaka 1958 likazaliwa shindano la Tidy Towns, yaani shindano la miji na vijiji safi, likisimamiwa na bodi ya utalii. Mwaka ule wa kwanza waliojiandikisha walikuwa 52, na mshindi akawa Glenties, kijiji cha kaunti ya Donegal. Leo washiriki ni mamia, kutoka vijiji vya watu wasiofika 200 hadi miji mikubwa, kila mmoja akipimwa na wa ukubwa wake kabla ya kutafutwa mshindi wa nchi. Kaunti yetu ya Meath imeonja ushindi huo kupitia kijiji kidogo cha Moynalty mwaka 2013 na mji wa Trim mwaka 2022.

Tafakari miaka ile ya 1950 Ireland ilikuwaje. Watu wapatao 400,000 waliondoka katika mwongo mmoja, wakaenda Uingereza na Marekani kutafuta kazi. Sensa ya 1961 iliikuta nchi na watu milioni 2.8 tu. Vijiji vilikuwa vinakufa. Aliyebaki alipaka chokaa ukuta na kupanda maua mbele ya duka ili kusema kwamba mahali hapa bado pana watu. Mwaka 2022 nchi ilivuka watu milioni tano kwa mara ya kwanza tangu sensa ya 1851, na mmoja kati ya wakazi watano alizaliwa nje. Ndiyo kusema chombo kilichobuniwa kuokoa vijiji vinavyoisha watu ndicho tunachokitumia leo kuokoa vijiji vinavyofurika. Nadhani kinafaa kote kuwili kwa sababu katika hali zote mbili ugonjwa ni uleule: watu kutojuana.

Namna shindano linavyoendeshwa inafundisha pia. Majaji wanakuja majira ya kiangazi bila kutoa taarifa. Huwezi kufagia leo kwa sababu mkuu anapita kesho, maana hujui anapita lini. Wanatoa alama kwa vichwa vinane: ushiriki wa jamii na mipango yake, sura ya barabara kuu, maeneo ya kijani, viumbe na mimea, matumizi mazuri ya rasilimali, udhibiti wa taka, mitaa ya makazi, na njia za kuingilia. Tazama kilichotangulia. Kabla jaji hajasema lolote kuhusu taka, anauliza nani anafanya kazi hii na amewashirikisha akina nani.

Halafu inakuja ripoti. Ni kurasa chache, lakini katika kamati ya kijiji chetu, ambacho nacho kinashiriki, tunaisoma kama barua ya mtoto aliye mbali. Jaji hakusifii bure na hakutukani. Anasema ukuta wa makaburi umependeza, kisha anaongeza kwamba barabara ya kuingilia upande wa kaskazini inamkaribisha mgeni kwa mabango manne yanayogombana. Mwaka mmoja aliandika kwamba mitaa yetu mipya imepigwa kisogo na kijiji. Sentensi ile ilituuma, na mwaka huohuo kamati iliongeza viti vitatu vya wawakilishi wa mitaa mipya. Kimoja nakikalia mimi.

Waairishi wana neno lao, meitheal. Ni lile kundi la majirani waliokusanyika kuvuna nyasi au kuchimba kuni za udongo za mwenzao, leo kwako kesho kwangu, bila malipo ila chakula. Siku mzee alipolitaja nilimwambia sisi Wapare tunaita msaragambo. Nilimweleza jinsi mbiu ilivyolia asubuhi, na mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, kila nyumba ikatoa mtu kwenda kuzibua mfereji au kuondoa tope kwenye ndiva, lile bwawa la kuhifadhi maji ya kumwagilia. Asiyekwenda alijua atakavyotazamwa zamu yake ya maji ikifika. Mzee alisikiliza, akaniambia methali ya kwao kwamba watu huishi katika kivuli cha wenzao. Katika Kiairishi neno hilo, scáth, ni kivuli na ni hifadhi pia, na mwavuli wanauita kivuli cha mvua. Nikamwambia hata mwavuli wetu unasikika kuwa na uvuli ndani yake. Tulikuwa tumesimama kwenye manyunyu, kila mtu na beleshi lake, na sikuona tena kama niko mbali na kwetu.

Sitaki msomaji adhani yote yamekuwa mteremko. Ugomvi mkubwa kuliko wote katika kamati yetu ulihusu majani. Kwa miongo mingi usafi kijijini ulikuwa na maana ya kunyoa: kingo za barabara zikatwe kila wiki, na kila kinachoota penye ufa kipigwe dawa kikauke. Mwaka 2015 ukaja mpango wa kisiwa kizima cha Ireland wa kuokoa nyuki na wadudu wengine wanaochavusha mimea. Kisiwa hicho kina aina zipatazo 100 za nyuki, wengi wao wakiwa nyuki wa porini wasio na mzinga wala asali ya kuuza, na theluthi moja ya aina hizo iko hatarini kutoweka. Wataalamu wakaja kutuambia tuache kingo zikue, tuache ua la njano la dandelioni lichanue Aprili, kwa sababu ndicho chakula cha kwanza cha nyuki anayetoka kwenye baridi.

Dandelioni! Mzee alikuwa ameipiga vita maisha yake yote. Alisimama kwenye kikao akasema baba yake angefufuka kwa aibu. Wengine walisema watu watadhani kijiji kimeshindwa kazi. Tulibishana majira mawili. Aliyetupatanisha ni mwalimu mmoja wa shule ya msingi, aliyeshauri tukate mstari wa upana wa mashine moja tu kando ya njia, ili kila apitaye aone kwamba majani marefu yameachwa kwa makusudi, na tuweke kibao kidogo. Mei ya mwaka uliofuata nilimkuta mzee amesimama peke yake kwenye ukingo ule, fimbo mkononi, anamtazama nyuki mmoja mnene mwenye manyoya akiingia ua moja na kutoka, miguu yake imejaa chavua hadi inaning'inia. Alisimama pale muda mrefu. Hakusema kitu, na kikao kilichofuata alipiga kura ya kuongeza kingo nyingine mbili. Usafi una macho yake, na macho hayo yanaweza kujifunza hata yakiwa ya mtu wa miaka 80.

Wapo wanaosema: haya yote ya nini? Tunalipa kodi ya nyumba tangu 2013, halmashauri ina gari la kufagia, faini ya kutupa taka ni yuro 150 papo hapo. Kwa nini mama aliyetoka zamu ya usiku apige magoti mbele ya baa?

Hoja hiyo naiheshimu, na sehemu yake ni kweli. Mikono peke yake haitoshi. Machi 2002 serikali iliweka tozo ya senti 15 kwa kila mfuko wa plastiki, baadaye ikawa senti 22. Mzee anasimulia jinsi mifuko ilivyokuwa ikining'inia kwenye miti ya ua kama nguo zilizoanikwa, na jinsi ilivyotoweka ndani ya miezi michache. Februari 2024 wakaanza mfumo wa kurudisha chupa na makopo, senti 15 kwa kopo au chupa ndogo, 25 kwa chupa kubwa ya plastiki. Zamani kutoka kituo cha basi hadi darajani nilijaza mfuko mzima wa makopo. Sasa nikikuta matatu ni mengi, na watoto wa shule wamekwishayaona kabla yangu. Sheria nzuri inafanya kazi ambayo wenye reki 1,000 wasingeiweza.

Lakini sheria hiyohiyo huacha kazi mpya pembeni. Machi 2004 Ireland ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku sigara katika sehemu za kazi za ndani, baa zikiwemo. Mapafu ya wahudumu yalipona, nami kama mtumishi wa afya nashukuru. Wavutaji walitoka nje, na vipisi vikawafuata hadi kwenye nyufa za mawe nilizoanza nazo. Gari la halmashauri linapita juu ya nyufa hizo kila wiki na brashi yake haivifikii. Anayevifikia ni mtu. Na mwenye baa, alipotuona Jumamosi tatu mfululizo, alienda mwenyewe kununua sanduku la chuma la kuzimia sigara akalipigilia ukutani. Hakuna aliyemwandikia faini.

Shida halisi ya vikundi vya Tidy Towns ni nyingine, nami naisema kwa uchungu. Vinazeeka. Kamati nyingi nilizotembelea zimejaa vichwa vyeupe, watu wale wale walioanza na watoto wao ambao sasa wako Australia. Wanachangisha langoni mwa kanisa, wanalipia bima, wanamwagilia vikapu vya maua kwa tangi linalovutwa na trekta, na wanashangaa kwa nini mitaa mipya haiji. Wengi hawajagonga mlango. Wameweka tangazo kwenye jarida la parokia, ambalo mimi nisiye Mkatoliki nisingeliona, na Mbrazili anayeingia kiwandani saa kumi na moja alfajiri asingelisoma. Wamesema "karibuni wote", na "wote" si jina la mtu.

Jambo hili lina uzito kuliko maua. Novemba 2023 mitaa ya katikati ya Dublin iliwaka moto, mabasi yakachomwa, na maneno yaliyopigwa kelele usiku ule yalikuwa juu ya watu kama mimi. Wiki ile nilikwenda dukani nikiwa nimeinamisha kichwa. Jumamosi nilifikiria kutokwenda. Nilipofika nilikuta watu 22, wengine sijawahi kuwaona wakishika ufagio, na mke wa mzee amekuja na chai kwenye chupa mbili. Hawakuhutubia. Mmoja alinipa glavu. Sidai kwamba reki inazuia chuki. Nasema kwamba kijiji kilichonipa reki miaka kumi na miwili kabla kilikuwa kimekwishaamua mimi ni nani, na uamuzi huo ulinishika siku niliyouhitaji.

Niandikapo haya namfikiria pia mdogo wangu aliyejenga Kibaha. Nilikaa kwake Desemba. Mtaa wake wote umekuja juzi: huyu katoka Mbeya, yule Mwanza, yule kauza kiwanja cha urithi Kinondoni. Kuta ni ndefu, mageti mazuri, na mtaro ulio mbele ya kuta hizo umejaa nepi na chupa. Tanzania tuna Jumamosi ya usafi kila mwisho wa mwezi, na hatujasahau Desemba 9, 2015, sherehe za Uhuru zilipofutwa kwa amri na nchi nzima ikashika mafagio. Amri ile ilikuwa na baraka zake. Ila nilimuuliza mdogo wangu jina la jirani wa ng'ambo ya mtaro, akasema, "Dada, hapa kila mtu na lake." Ndipo nilipoujua mtaro ule unaziba wapi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeishi mahali panapokua, awe Meath au Kibaha au Kitengela, ni mdogo na unatekelezeka. Anza na pembe moja ambayo kila mtu anapita, ili tofauti ionekane mwezi huohuo. Weka siku na saa isiyobadilika, mvua inyeshe isinyeshe. Mtafute mtu wa nje, mwalimu au bwana afya wa kata nyingine, aje bila taarifa mara moja kwa mwaka awaandikie ukweli kwa adabu, nanyi msome kwa pamoja. Na kabla ya yote hayo, nunua zana mbili badala ya moja. Ya pili ni ya jirani usiyemjua. Ipeleke mwenyewe, mlangoni, kwa mkono wako.

Nyuma ya shule yetu wanamaliza mtaa mwingine, nyumba 28. Mapazia yamekwishaonekana kwenye sita. Wiki ijayo niko mapumziko, na nimepanga kupita jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa moja, watu wakiwa wametoka kazini na hawajaanza kula. Mzee anataka tufuatane ingawa njia ina kilima. Amezikagua reki zake za zamani, akabadilisha mpini wa moja uliooza, akausugua kwa msasa hadi hauchomi mkono. Nilimwambia ziko tano tu na nyumba ni sita. Alikwenda bandani kwake akarudi na koleo.